Ruzuku ya nyumba tupu Ayalandi: karatasi kwanza, nyundo baadaye

Sensa ya mwaka 2022 ilikuta nyumba tupu 166,752 nchini Ayalandi, na katika hesabu hiyo nyumba za likizo hazimo. Ukipita barabara za vijijini Leitrim, Roscommon au Mayo utaziona mwenyewe: paa limebonyea katikati, mti umeota ndani ya dohani, dirisha limepigiwa mbao, na kuta za mawe bado zimesimama wima kana kwamba hazikuambiwa kuwa watu wamehama.

Mwezi Julai wa mwaka huohuo serikali ilianzisha ruzuku ya kuzikarabati nyumba hizo, chini ya mfuko uitwao Croí Cónaithe. Kwenye fomu inaitwa Vacant Property Refurbishment Grant, na jina hilo ndilo la kutafuta kwenye tovuti ya halmashauri yako. Mwanzoni ilihusu miji midogo na vijiji, tena kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1993, na kiwango kilikuwa yuro 30,000. Tangu tarehe 1 Mei 2023 kiwango ni hadi yuro 50,000 kwa nyumba tupu na hadi yuro 70,000 kwa gofu. Visiwani, kule ambako kila mfuko wa simenti unapanda boti, ni hadi 60,000 na 84,000. Nyumba inaweza kuwa mjini au shamba, mradi iwe imejengwa mwaka 2007 au kabla ya hapo.

Wengi wakisikia "elfu sabini" hawasikii tena kitu kingine. Sikia na hiki: pesa hulipwa kazi ikishakwisha, na hulipia kile tu kilichokubaliwa kwenye karatasi kabla kazi haijaanza. Mengi yanayoharibika katika maombi haya yanaharibikia hapo.

Nani anaweza kuomba

Mwombaji ni mtu binafsi, au watu wanaomiliki nyumba pamoja. Kampuni za kujenga na kuuza hazimo. Unaweza kupata ruzuku mara mbili tu maishani: moja kwa nyumba utakayoishi mwenyewe kama makazi yako makuu, na moja kwa nyumba utakayoipangisha. Ya kupangisha lazima mkataba wake wa upangaji uandikishwe RTB, bodi inayosimamia upangaji wa nyumba, na nyumba yenyewe ifikie viwango vya nyumba za kupangisha. Nyumba ya likizo haipati.

Kodi zako ziwe safi. Hii ni pamoja na kodi ya nyumba ya kila mwaka ambayo watu huisahau kwa sababu ni ndogo. Mkandarasi naye lazima awe na uthibitisho wa kodi unaosoma kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato. Muulize mapema, tena kwa maandishi. Fundi hodari asiye na karatasi hiyo atakujengea ukuta mzuri ambao halmashauri haitaurejeshea hata senti.

Maombi yanapelekwa kwenye halmashauri ya eneo nyumba ilipo. Halmashauri ziko 31, na kila moja ina ofisa wa nyumba tupu, cheo chake Vacant Homes Officer. Mpigie kabla hujajaza chochote. Si kwa ajili ya adabu tu: halmashauri moja huomba karatasi ambayo nyingine haiiombi, na ofisa atakuambia kwa dakika kumi kile ambacho fomu haikisemi.

Kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwa tupu

Kinachopimwa hapa ni utupu, si uchakavu. Nyumba inaweza kuwa na jiko safi na zulia zima, ikahesabika. Inaweza pia kuwa inavuja kila chumba, isihesabike kwa sababu mtu alikuwa analala humo hadi mwaka jana. Sharti ni miaka miwili mfululizo bila mkazi.

Ushahidi unaomaliza ubishi haraka ni wa umeme. Kila nyumba iliyounganishwa na gridi ina namba ya MPRN yenye tarakimu 11. Kwa namba hiyo utapata ama barua inayoonyesha umeme ulikatwa lini, ama bili za miaka miwili zenye matumizi sifuri au karibu na sifuri. Bili ya namna hiyo unaitambua ukiitazama: ada ya kudumu ipo kila awamu, lakini usomaji wa mita wa mwanzo na wa mwisho ni uleule. Angalia pia kama usomaji ni wa kweli au wa kukadiria. Kampuni za umeme hukadiria pale mita isipofikiwa, na makadirio yanaweza kuonyesha uniti mia kadhaa katika nyumba ambayo hata balbu haina. Ukiona hivyo, omba usomaji halisi kwanza, kisha ndipo upeleke bili.

Mita ikiwa kweli imesoma uniti, eleza. Pampu ya maji ya ng'ombe iliyounganishwa kwenye nyumba ya zamani ni maelezo yanayoeleweka kabisa shambani, lakini yasipoandikwa, ofisa ataona tu kwamba umeme umetumika. Kama bili hazipo kabisa, halmashauri hutazama ushahidi mwingine. Zungumza na ofisa juu ya kile kitakachokubalika kabla hujaanza kukusanya makaratasi ya kujaza sanduku.

Kuna mtego mmoja wa wenye nyumba wenyewe. Ayalandi ina kodi ya nyumba tupu, inayomgusa mwenye nyumba ambayo imekaliwa chini ya siku 30 ndani ya miezi 12. Ilianza ikiwa mara 3 ya kodi ya kawaida ya nyumba, ikapanda hadi mara 5, kisha mara 7. Sasa kama mwenye nyumba aliiambia mamlaka ya mapato kwamba nyumba inakaliwa, halafu mnunuzi anaiambia halmashauri kwamba imekuwa tupu miaka miwili, kauli hizo mbili haziwezi kukaa meza moja. Mnunuzi amuulize muuzaji swali hili mapema, kupitia wakili.

Gofu la macho na gofu la ruzuku

Zile yuro 20,000 za nyongeza hazitolewi kwa sababu nyumba inatisha. Kuna njia mbili za kuzipata. Ama nyumba iko tayari kwenye rejista ya magofu ya halmashauri, inayotunzwa kwa Sheria ya Maeneo ya Magofu ya mwaka 1990. Ama unaleta ripoti ya mtaalamu asiye na masilahi, kwa mfano mhandisi wa majengo, inayothibitisha kwamba nyumba si imara kimuundo *na* ni hatari. Soma neno "na" mara mbili.

Ripoti nyingi dhaifu husema nyumba "inahitaji matengenezo makubwa". Hilo halitoshi. Ripoti yenye nguvu inataja sehemu, inasema imeharibikaje, na inasema itatokea nini ikiachwa. Mfano: boriti iliyolala juu ya ukuta wa nyuma imeoza mita nne kati ya tisa, kenchi zimepoteza pa kushikia na zinasukuma ukuta nje, ukuta umeinama milimita 60 kutoka wima, upande huo unaweza kuanguka. Picha yenye futi ya kupimia ndani yake ina thamani kuliko kurasa tatu za lugha ya jumla. Mwambie mhandisi tangu mwanzo ripoti ni ya nini, maana ripoti ya benki na ripoti hii hazijibu swali moja.

Lakini gofu nalo lina mwisho wake. Ruzuku ni ya kukarabati, si ya kubomoa na kujenga upya. Nyumba iliyobaki kuta nne bila paa, yenye mti mnene katikati ya sebule, inaweza hata kuwa imepoteza hadhi ya makazi mbele ya sheria ya mipango miji: matumizi yakiachwa muda mrefu mno, sheria huweza kuhesabu kwamba yametelekezwa, na hapo unahitaji kibali kipya kana kwamba unajenga kiwanjani. Ukinunua gofu la namna hiyo kwa bei ya kutupa bila kuuliza, utakuwa umenunua mawe.

Umiliki, na mirathi isiyokwisha

Unaweza kuomba kabla hujainunua nyumba. Kinachohitajika ni uthibitisho kwamba mazungumzo ya kununua yanaendelea, kutoka kwa dalali au wakili wa muuzaji, pamoja na ridhaa ya mwenye nyumba. Halmashauri ikiridhika hutoa idhini ya awali, na idhini kamili huja umiliki ukishathibitishwa. Hii ni njia nzuri: unajua nyumba inafaa kabla hujafunga mkataba.

Tatizo la kweli vijijini ni hati iliyobaki kwa jina la marehemu. Nyumba zilikaa tupu mara nyingi kwa sababu hiyo hiyo: babu alifariki, watoto walitawanyika Boston na Birmingham, mirathi haikufunguliwa, na sasa wajukuu saba wana sehemu kila mmoja. Hapo hakuna anayeweza kukuuzia, na hakuna anayeweza kuomba ruzuku, hadi mirathi ikamilike. Muulize wakili swali moja kabla ya kulipia mhandisi: hati ina jina la nani leo?

Kibali, popo na shimo la choo

Ukarabati wa ndani na ule usiobadilisha sura ya nyumba kwa kawaida hauhitaji kibali cha mipango. Kupanua nyumba kwa nyuma kuna msamaha hadi mita za mraba 40, kwa masharti, na ruzuku inaweza kugusa upanuzi kama ni sehemu ya ukarabati mkubwa zaidi. Panapokuwa na shaka, usijipe jibu mwenyewe. Omba tamko rasmi la halmashauri, linalojulikana kama Section 5, kwa ada ya yuro 80. Litasema kwa maandishi kama kazi inahitaji kibali au la. Yuro 80 hizo ni bei rahisi kuliko kitu kingine chochote katika mradi mzima.

Nyumba iliyo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ina utaratibu wake: hata dirisha la mbao huwezi kuling'oa kwa hiari yako, na utahitaji mtaalamu wa uhifadhi tangu siku ya kwanza.

Popo ndio wageni ambao hakuna anayewaweka kwenye bajeti. Wanapenda paa la zamani, na wanalindwa na sheria pamoja na mahali wanapolala, hata kama wakati huo hawapo. Ukikuta vinyesi vidogo vikavu vinavyosagika kuwa unga chini ya kenchi, simama. Utahitaji uchunguzi wa mtaalamu, na huenda leseni maalumu kutoka NPWS, idara ya wanyamapori. Uchunguzi wa popo wanaoruka jioni hufanyika miezi ya joto. Ukiligundua jambo hilo Oktoba, paa lako linaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata, na tarehe ya mwisho ya ruzuku haiwasubiri popo. Kagua dari kabla ya kuomba.

Kwenye nyumba za shamba, funua pia shimo la majitaka. Mengi ni tangi la zege lenye ufa au shimo tu lililojazwa mawe. Kuna ruzuku nyingine ya kutengeneza mfumo huo, ya hadi asilimia 85 ya gharama bila kuzidi yuro 12,000, lakini ina masharti yake na maombi yake.

Na vigae bapa vya kijivu vya miaka ya katikati ya karne iliyopita, pamoja na mabati ya mawimbi ya saruji kwenye banda, chukulia vina asbesto hadi maabara iseme vinginevyo. Kuviondoa ni kazi ya watu wenye vifaa, na gharama yake iandikwe kwenye makisio.

Makisio ya bei: hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea

Halmashauri haikupi asilimia ya bei yako. Inagawa kazi katika mafungu: kubomoa na kusafisha, msingi, kuta na paa, kazi za ndani, rangi, kazi za nje ndani ya mipaka ya nyumba, mifumo ya maji, joto na umeme, vifaa vya kudumu, na ada za wataalamu. Fundi wa halmashauri huja kutazama, analinganisha makisio yako na bei anazoona ni za haki, kisha wanaandika kiasi kilichokubaliwa. Kiasi hicho kinajumuisha VAT.

Sasa tazama makisio mawili ya paa lilelile. La kwanza:

"Kukarabati paa, yuro 21,000."

La pili:

"Kuondoa vigae na papi zilizooza, mita za mraba 84, pamoja na kuzoa kifusi. Kubadilisha kenchi 9 kati ya 22 na boriti ya ukuta wa nyuma mita 9. Karatasi ya chini ya vigae na papi mpya, eneo lote. Vigae vya slate, eneo lote. Bamba la madini ya risasi kuzunguka dohani 2. Mifereji mita 18 na mabomba 4 ya kushukia. Yuro 18,500, VAT asilimia 13.5 ni 2,497.50, jumla 20,997.50."

La kwanza litarudishwa, au litakubaliwa kwa kiasi kidogo ambacho mkaguzi hawezi kulaumiwa nacho. La pili mkaguzi anaweza kusimama uani na kulihesabu kwa kidole. Tena lina faida nyingine: ripoti ya mhandisi ilitaja boriti ya mita 9 ukuta wa nyuma, na makisio yanaitaja boriti hiyohiyo. Karatasi zikiongea lugha moja, maswali hupungua.

VAT yenyewe ina kona. Kazi za ujenzi kwa kawaida hutozwa asilimia 13.5, lakini vifaa anavyoleta mkandarasi vikizidi theluthi mbili ya bei yote ya kazi hiyo, kazi nzima hutozwa 23. Makisio ya "kuleta na kufunga" vitu vya bei ghali huangukia humo kirahisi. Ukikuta mkandarasi ameandika 13.5 mahali ambapo ni 23, tofauti itatokea kwenye ankara ya mwisho, na itatoka mfukoni mwako kwa sababu kiasi kilichokubaliwa hakipandi.

Jambo jingine ambalo makisio ya haraka hulikosea ni kuta. Nyumba kongwe za mawe zilijengwa kwa udongo na chokaa. Ukuta huo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena, kama mtungi wa maji. Ukiupiga lipu ya simenti nje na mbao za jasi zilizobanwa ndani, maji huingia kwenye nyufa ndogo na hayana pa kutokea. Baada ya majira mawili ya baridi unaona madoa ya unyevu mita moja juu ya sakafu, chumvi nyeupe kwenye rangi, na ncha za boriti zinaanza kuoza ndani ya ukuta. Dawa ni lipu ya chokaa, na fundi wake si yeyote tu, wala bei yake si ya simenti. Ukiweka simenti kwenye makisio, ikakubaliwa, halafu ukagundua kosa katikati ya kazi, itabidi uombe mabadiliko yakubaliwe kwanza. Amua suala la chokaa kabla ya makisio. Baraza la Urithi lina mpango wa kuchangia gharama ya ushauri wa mtaalamu wa uhifadhi kwa nyumba tupu za jadi, na ushauri huo kwa ukuta wa mawe si anasa.

Usisahau umeme wenyewe. Nyumba iliyokatiwa umeme kwa zaidi ya miaka miwili hairudishiwi kwa simu moja: nyaya lazima zikaguliwe, na fundi umeme aliyesajiliwa atoe cheti cha kukamilisha kabla ESB Networks, wenye gridi ya umeme, hawajawasha. Mara nyingi hii humaanisha nyaya mpya nyumba nzima. Weka hayo yote kwenye fungu la umeme, na uombe laini ya umeme mapema kuliko unavyodhani, maana mafundi wako watahitaji umeme kabla yako.

Ruzuku ya nishati, kwa ufupi

SEAI, mamlaka ya nishati endelevu, ina ruzuku zake za kuhami joto dari na kuta na za pampu ya joto. Unaweza kutumia hizo pamoja na ruzuku hii ya halmashauri kwa nyumba moja, lakini si kwa kazi moja. Dari ikilipiwa na SEAI, itoe kwenye makisio ya halmashauri. Huko nako idhini huja kabla ya kazi, mkandarasi lazima awe amesajiliwa nao, na ofa ya Better Energy Homes, mpango wao wa ruzuku hizo, hudumu miezi 8. Kwa hiyo usiiombe siku moja na ruzuku kubwa: paa likichelewa, miezi 8 itaisha hata dari ya kuhami haijapatikana. Maombi yao hutumia MPRN, sababu nyingine ya kutengeneza suala la umeme kwanza.

Pesa ya kuanzia

Chukulia gofu lina kazi ya yuro 112,000. Halmashauri inapitia makisio, inatoa samani, inatoa lami ya njia ndefu ya gari, inatoa kazi ya dari inayolipiwa na SEAI, inapunguza bei ya jiko, na inakubali yuro 66,000. Barua ni nzuri. Lakini siku ya kuanza kazi una barua, huna 66,000. Mkandarasi anataka malipo kila hatua: paa likikaa, madirisha yakiingia, lipu ikikauka. Zote 112,000 lazima zipatikane njiani, ndipo 66,000 zirudi baada ya ukaguzi.

Benki nyingi hutoa mkopo wa gofu kwa awamu na kwa woga. Tangu mwaka 2024 kuna mkopo wa serikali kupitia halmashauri, Local Authority Purchase and Renovation Loan, uliotengenezwa kwa watu wanaonunua na kukarabati nyumba zinazostahili ruzuku hii, na una sehemu ya kuziba pengo hadi ruzuku ilipwe. Vyama vya kuweka na kukopa navyo huwa na mikopo ya kuvusha. Chochote utakachotumia, hesabu riba ya miezi ya kusubiri na uiweke kwenye bajeti, tena weka akiba kando. Ukifungua ukuta wa miaka mia utakuta kitu. Hilo huhitaji mganga kukutabiria.

Bima pia. Bima ya kawaida ya nyumba hailindi nyumba tupu, wala nyumba isiyo na paa. Omba bima ya ukarabati kabla mkandarasi hajaegesha gari.

Kati ya maombi na idhini

Usiguse. Hakuna malipo ya kazi iliyofanyika kabla ya idhini, na "kazi" haianzii kwenye simenti. Kuzoa plasta iliyoanguka na kung'oa sakafu iliyooza ni fungu mojawapo la ruzuku. Ukilifanya Jumamosi na shemeji zako, umejinyima fungu hilo na pengine umeyatia shaka maombi yote, kwa sababu mkaguzi akija hataweza tena kuona kilichokuwepo. Kama paa linaangukia ndani na unahitaji kulifunika kwa turubai, mwandikie ofisa kwanza, pata jibu la maandishi, piga picha kabla na baada.

Picha hizo zipige kwa mpango: kila chumba kutoka pembe nne, kila ukuta wa nje, dari, chini ya ngazi, sanduku la umeme. Zitakuwa ndizo shahidi wako miezi kumi na minne baadaye, mtu atakapouliza kama kweli kulikuwa na dirisha pale.

Idhini ikija, ina muda wa kumaliza kazi. Tarehe imo kwenye barua. Iandike ukutani. Ukiona hutafika, omba nyongeza wakati muda bado upo, ukieleza sababu kwa vielelezo, kwa mfano barua ya mtengeneza madirisha.

Ukaguzi na malipo

Mkaguzi atakuja na orodha ileile uliyokubaliwa. Atatafuta kenchi 9 na mita 18 za mifereji. Umebadilisha kitu bila kuuliza? Hicho kinaweza kukatwa hata kama kipya ni bora. Ankara ikiwa chini ya kiasi kilichokubaliwa, unalipwa kilichotumika kweli. Ikiwa juu, unalipwa kilichokubaliwa.

Kusanya ankara kwa mpangilio wa mafungu, si wa tarehe. Kila moja iwe na jina lako, anwani ya nyumba yenye Eircode (msimbo wa posta), maelezo ya kazi, VAT imetengwa, na uthibitisho wa malipo wa benki. Malipo ya mkononi yasiyo na risiti, hesabu kwamba hayakutokea. Ongeza cheti cha fundi umeme, cheti cha gesi kama ipo, na barua ya mhandisi kwamba udhaifu alioutaja kwenye ripoti umetengenezwa. Barua hiyo ya mwisho husahaulika, na bila shaka itaulizwa pale uliposhika yuro 20,000 kwa ajili ya udhaifu huo.

Kabla ya kulipwa utasaini makubaliano, na halmashauri itaandikisha haki yake juu ya hati ya nyumba. Ukiuza, au ukiacha kuishi humo au kuipangisha kama ulivyoahidi, ndani ya miaka 5, unarudisha ruzuku yote. Zaidi ya 5 hadi 10, unarudisha asilimia 75. Baada ya 10, hurudishi kitu. Kwa yule wa yuro 66,000, kuuza mwaka wa 7 ni kurudisha 49,500, na benki yako lazima ijue mapema juu ya haki hiyo iliyoandikishwa, la sivyo mawakili watakwama siku ya kusaini. Na ukipata mnunuzi mwaka wa tisa na miezi kumi, mwambie asubiri kidogo, mnywe chai.